Jinsi ya kuingia intaneti safarini kwa GPRS na EDGE, hatua kwa hatua

Ukisafiri sana utaizoea herufi E. Basi linaacha mji, nyumba zinapungua, na pale juu ya kioo cha simu 4G inatoweka. Inakuja E (EDGE), mara G (GPRS), mara hakuna kitu. Wengi wakiiona E wanarudisha simu mfukoni na kusema hakuna mtandao. Mtandao upo. Ni ule ule uliobeba barua pepe za watu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ukiujua tabia utakutumia ripoti yako na kukuletea majibu kabla hujafika.

Nawaandikia watu wa aina mbili. Wa kwanza ana simu ya kisasa lakini anapita sehemu zenye 2G tu, yaani mtandao wa zamani wa kizazi cha pili. Wa pili anabeba simu ya zamani ya vitufe na kuifanya modemu ya laptopu, kwa sababu inakaa na chaji siku kadhaa na ikianguka inaokotwa tu, safari inaendelea. Mimi ni huyo wa pili, ila karibu yote nitakayosema yanawafaa wote. Tangu mwanzo elewa hivi: sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla hujaondoka. Ukisubiri uanze kupanga ukiwa njiani, utalipa kwa muda, kwa salio na kwa chaji.

Hatua ya 1: Jua umebebwa na huduma gani

Huduma ya data ya mwanzo kwenye mitandao ya GSM, ambayo ndiyo 2G yenyewe, iliitwa CSD. Simu ilipiga namba ya modemu ya kampuni kama unavyompigia mtu, na laini ikabaki imeshikwa mpaka ukate. Kasi yake ilikuwa kilobiti 9.6 kwa sekunde, baadaye 14.4, na ulilipia kwa dakika. Kwa 9.6, megabaiti moja ilikula karibu robo saa. Huwezi kuitegemea tena, lakini naitaja kwa sababu menyu za simu za zamani bado zina chaguo la "simu ya data" karibu kabisa na lile la GPRS. Niliwahi kulichagua kwa haraka, nikasoma barua zangu mbili, nikalala bila kukata. Asubuhi salio lilikuwa sifuri, na sikuwa nimepakua hata kilobaiti mia.

GPRS ilikuja karibu na mwaka 2000 ikageuza hesabu. Data hukatwa vipande vidogo, kila kipande husafiri kivyake, na njia moja hugawanywa kwa watu wengi. Ndiyo maana unalipia mzigo badala ya saa. Simu ya kawaida ya GPRS hupokea kwa nafasi nne za muda (zamu fupi ambazo mnara huzigawia simu), kila moja ikibeba kilobiti 13.4 kwa sekunde mawimbi yakiwa ya wastani. Kwenye karatasi unapata 53.6, lakini barabarani tarajia 30 hadi 40. Megabaiti moja basi ni dakika tatu na nusu hadi nne na nusu hivi. EDGE, ile E yenyewe, hutumia minara ile ile kwa namna bora ya kupanga mawimbi: hadi 59.2 kwa kila nafasi, yaani 236.8 kwa nafasi nne. Ukipata 100 shukuru, megabaiti itaingia kwa dakika moja na nusu.

Lakini kinachochosha zaidi ni kusubiri. Kwenye GPRS ombi moja linaweza kuchukua sekunde nzima kwenda na kurudi. Ukurasa wa wavuti wa siku hizi hutuma maombi kwa makumi, picha hapa, tangazo pale, na kila moja lina foleni yake. Faili moja la kilobaiti 200 litafika mapema kuliko ukurasa wa kilobaiti 200 uliovunjwa vipande hamsini. Kama mtu ana nyaraka kumi za kukutumia, mwambie azifunge pamoja kwenye faili moja la zip.

Hatua ya 2: Hakikisha 2G ingali hai unakokwenda

Japani na Korea Kusini hazikujenga kabisa mitandao ya GSM, kwa hiyo simu ya GPRS huko ni saa ya mezani tu. Marekani, kampuni ya AT&T ilizima 2G yake tarehe 1 Januari 2017. Singapore nayo ilizima mwaka huo huo. Usidhani kila mahali kipya kinabaki na cha zamani kinaondoka: Ujerumani mwaka 2021 kampuni zilizima 3G zikaiacha 2G, kwa hiyo mtu mwenye simu ya 3G isiyo na 4G hurudi kwenye E akiwa katikati ya jiji.

Angalia pia masafa. Afrika, Ulaya na sehemu kubwa ya Asia hutumia megahezi 900 na 1800, wakati sehemu kubwa ya bara la Amerika hutumia 850 na 1900. Simu ya masafa manne inatosha kote ambako GSM ingalipo. Ya masafa mawili itakuacha mkono ukivuka bahari.

Mwenye simu ya Android, kuanzia toleo la 12, atazame kwenye mipangilio ya mtandao wa simu. Simu nyingi zina swichi ya kuruhusu au kuzuia 2G. Kama ulishawahi kuizima kwa ajili ya usalama, na ni uamuzi mzuri ukiwa mjini, basi huko porini hutaiona E hata mnara ukiwa mbele ya macho yako.

Hatua ya 3: Laini, APN na namna unavyolipishwa

Hapa ndipo watu wanapopoteza muda mwingi kuliko popote. APN ni jina la lango ambalo data yako inapitia kutoka mtandao wa simu kwenda intaneti. Ukikosea herufi moja, simu itaonyesha G imewaka, mawimbi yamejaa, na hakuna kitakachofunguka.

Kanuni ni hii: APN hufuata laini, haifuati nchi. Ukisafiri na laini ya nyumbani kwa romingi, APN inabaki ile ile ya kampuni yako ya nyumbani, hata kama simu imeshika mnara wa kampuni nyingine kabisa. Data yako husafirishwa mpaka kwenye lango la nyumbani ndipo itoke kwenda intaneti, na hiyo ni sababu mojawapo ya romingi kuwa nzito. Nimeona watu wakifika tu wanabadilisha APN kuweka ya mtandao wa wenyeji, kisha wanashangaa kwa nini imegoma. Ukinunua laini ya huko, hapo ndipo unaweka APN ya huko, pamoja na jina la mtumiaji na nenosiri kama wanavyo. Kampuni nyingi huacha sehemu hizo mbili wazi.

Kabla ya kuondoka, ipigie kampuni yako uulize mambo matatu, na uandike majibu kwenye karatasi: Je, romingi ya data imefunguliwa kwenye laini hii (ile ya kupiga simu ni kitu kingine)? Nalipia kwa kilobaiti au kwa bando? Na je, kila muunganisho hukadiriwa kwenda juu kwa kiasi gani? Swali la mwisho wengi hawaliulizi. Kama kila ukiunganisha unahesabiwa angalau kilobaiti 100 hata ukitumia 4, basi kuunganisha na kukata mara ishirini kwa siku ni hasara, na ni heri uunganishe mara mbili ufanye yote. Kama wanahesabu kilobaiti halisi, unaweza kuunganisha utakavyo.

Ule wavuti mdogo wa WAP, wenye kurasa zake za pekee, usiusumbukie. Ukiona kwenye simu ya zamani kuna mipangilio ya WAP na mipangilio ya intaneti, chagua ya intaneti.

Hatua ya 4: Unganisha laptopu ukiwa bado nyumbani

Mwenye simu ya kisasa atawasha hotspoti tu, aruke hatua hii. Mwenye simu ya zamani ana njia tatu, na ushauri wangu uko wazi: tumia kebo. Infraredi iliwahi kuwa ndiyo njia ya wasafiri, lakini macho mawili lazima yatazamane, yasipite kama mita moja, na jua kali huyapofusha. Ukiwa kwenye basi, kila shimo barabarani linakukata. Bluetooth ni nzuri, ila inakula chaji ya simu na laptopu kwa pamoja. Kebo haijali lolote kati ya hayo. Sakinisha programu zake mapema, maana kuitafuta dereva ya kebo kupitia GPRS ambayo bado hujaiunganisha ni jambo lisilowezekana.

Laptopu ikiiona simu kama modemu, usikimbilie kupiga. Zungumza nayo kwanza. Fungua programu ya PuTTY kwenye Windows, au minicom kwenye Linux, chagua mlango wa modemu, kisha andika AT na ubonyeze Enter. Simu ikijibu OK, mko pamoja. Endelea hivi:

AT+CSQ inakuambia nguvu ya mawimbi, kutoka 0 hadi 31. Chini ya 10 utahangaika. Ikijibu 99, simu haijui.

AT+CREG? inakuambia kama umesajiliwa kwenye mtandao. Angalia tarakimu ya pili: 1 ni nyumbani, 5 ni romingi, 2 inatafuta, 3 umekataliwa. AT+CGREG? hutoa tarakimu hizo hizo kwa upande wa data, na ndiyo muhimu zaidi. Mtu anaweza kuwa na 5 kwenye ya kwanza na 3 kwenye ya pili: simu inapiga, data imefungwa. Hapo tatizo liko kwa kampuni, si kwenye kebo yako wala APN yako. Amri hii moja imeniokolea saa nyingi.

AT+CGDCONT=1,"IP","jina la APN" inaiandikia simu lango lake. Weka APN yako ndani ya alama za nukuu.

Baada ya hapo tengeneza muunganisho wa modemu kwenye laptopu, na kwenye sehemu ya namba ya simu weka *99***1# au *99# peke yake. Namba hiyo haipigi kwa mtu yeyote. Inaiambia simu ifungue GPRS kwa kutumia wasifu wa kwanza uliouandika. Jaribu ukiwa nyumbani, jaribu tena kesho yake, kisha piga picha mipangilio yote au iandike kwenye ile karatasi.

Hatua ya 5: Inyamazishe laptopu

Kompyuta ya leo inadhani intaneti ni kama hewa. Ikiiona tu, inaanza kuvuta: masasisho ya Windows, ya programu za kulinda virusi, picha zinazopelekwa wingu, saa inayojipanga, arifa. Kwenye EDGE hayo yote yanapigania mlango mmoja mwembamba, na barua yako ya mistari mitatu inasimama nyuma ya sasisho la megabaiti mia nne.

Kwenye Windows, weka muunganisho huo kuwa wa kupimwa (metered), kisha zima kwa mkono kila programu ya kusawazisha mafaili. Usiamini kuwa kuuweka wa kupimwa kunatosha. Njia ninayoiamini ni kuweka ukuta wa moto (firewall) unaozuia programu zote kutoka nje, halafu uruhusu mbili au tatu tu: ya barua, kivinjari, na ya ujumbe. Inachukua nusu saa kuipanga na hutaijutia.

Kwenye kivinjari kama Firefox, weka nyongeza ya uBlock Origin na uiambie izuie picha na video kubwa. Unayeweza kusoma maandishi matupu, jaribu Lynx, kivinjari cha maandishi kilichoanza mwaka 1992, na kwenye GPRS kinapendeza kuliko chochote. Unayesimamia seva kwa mbali, tumia Mosh badala ya SSH ya kawaida. Inakuonyesha herufi unazoandika papo hapo bila kusubiri ziende zirudi, na kazi haikatiki mawimbi yakipotea kwenye kona.

Kivinjari kilichomo ndani ya simu ya zamani usikitegemee. Tovuti za leo zinatumia usimbaji mpya ambao simu hizo hazikuwahi kufundishwa, kwa hiyo zitakataa hata mtandao ukiwa mzuri. Kosa hilo halina uhusiano na APN, usianze kuibadilisha.

Na pakua mapema unachoweza: ramani, hati, tiketi. Kwa programu ya Kiwix unaweza kubeba Wikipedia ndani ya laptopu na usiulize mtandao chochote.

Hatua ya 6: Barua pepe na ujumbe

Tumia programu ya barua ndani ya laptopu, acha barua ya kwenye kivinjari. Iweke ipakue vichwa vya barua tu, uchague mwenyewe ya kufungua. Ongeza muda wa kusubiri kabla ya kukata tamaa hadi dakika mbili au zaidi, maana mpangilio wa kawaida hudhani seva imekufa wakati iko njiani inakuja.

Kuna jambo dogo hapa ambalo watu hawalioni. Ukituma barua kutoka akaunti ya IMAP (ile inayoweka barua zako kwenye seva), mara nyingi programu huituma, kisha huipandisha mara ya pili ili kuweka nakala kwenye folda ya zilizotumwa. Kupandisha ndiko kwenye udhaifu mkubwa wa GPRS, kwani simu nyingi zina nafasi moja au mbili tu za kwenda juu. Zima nakala hiyo ukiwa safarini, au iweke ibaki ndani ya laptopu.

Kiambatisho nacho huvimba. Barua pepe hukigeuza kuwa maandishi, na ukubwa unaongezeka kwa theluthi moja: faili la kilobaiti 300 linakuwa 400 njiani. Ripoti ya ukurasa mmoja, iandike ndani ya barua yenyewe. Maneno mia tano hayafiki hata kilobaiti tano. Picha ipunguze hadi upana wa pikseli 800 na ubora wa wastani. Itashuka chini ya kilobaiti mia na mtazamaji ataona kilichopo.

WhatsApp inapita vizuri kwenye EDGE mradi iwe maandishi. Zima upakuaji wa picha na video wa kujiendesha kabla ya kuondoka, hasa kama uko kwenye makundi ya familia yanayoamka na video kila asubuhi.

Hatua ya 7: Chagua mahali na saa

Kwenye mnara wa GSM, sauti na data vinagawana nafasi, na mara nyingi sauti hupewa kipaumbele. Jioni watu wakipiga simu, wewe wa data unabanwa. Alfajiri mnara ule ule unakuwa wako karibu peke yako. Kazi nzito ziwekee saa hiyo.

Ukiwa kwenye mwendo, simu hubadilisha mnara kila mara na data husimama kwa sekunde kadhaa kila badiliko. Tuma mistari michache basi likitembea. Kiambatisho kisubiri kituoni. Na ukipigiwa simu, kwa simu nyingi za zamani data husimama hadi ukate, kwa hiyo wajulishe watu wasikupigie.

Kama uko uwanda mpana au baharini unauona mnara kwa mbali na bado simu haishiki, huenda umbali ndio sababu. GSM ya kawaida haipokei simu iliyo zaidi ya kilomita 35 kutoka mnarani, hata kama mawimbi yanafika. Kupanda juu ya gari hakutasaidia, sogea karibu.

Usiku mmoja nilikuwa nimekaa nyuma ya dereva, laptopu mapajani, nikisubiri barua itoke. Mstari wa kijani kwenye kioo haukusogea. Kisha redio ya dereva ikaanza: dzz-dzz-dzz, dzz-dzz-dzz, sauti ya nyuki ndani ya kopo. Nikajua inaenda. Simu ya 2G hurusha mawimbi kwa vipindi, zaidi ya mara mia mbili kwa sekunde, na spika iliyo karibu huyapokea kama mvumo. Mpaka leo nategemea sikio kuliko mstari wa kijani: mvumo ukiwepo, usikate, hata kama kioo kimeganda.

Hatua ya 8: Ikigoma

Anza na AT+CGREG?. Ikiwa 1 au 5, tazama APN herufi kwa herufi. Ikiwa 2, toa betri, rudisha, subiri dakika mbili. Ikiwa 3, jaribu kuchagua mtandao mwingine kwa mkono kwenye menyu ya simu, kwa sababu kampuni yako inaweza kuwa na mkataba wa data na mmoja tu kati ya mitandao iliyopo. Ukiunganika lakini kurasa hazifunguki, jaribu kuweka kwa mkono namba za DNS, yaani seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Simu ya kisasa inayorukaruka kati ya 3G na E, ifunge kwenye 2G peke yake. Kasi ndogo isiyokatika inamaliza kazi mapema.

Kuhusu usalama: usimbaji wa zamani wa GSM, A5/1, umeshavunjwa, na kwenye 2G simu hujitambulisha kwa mnara bila mnara kujitambulisha kwa simu. Mnara wa uongo unaweza kukaa katikati. Usiandike nenosiri kwenye ukurasa usio na https, na kwa akaunti za benki tumia programu ya kuzalisha namba badala ya kusubiri namba za siri kwa SMS.

SMS yenyewe lakini usiidharau. Inapita kwenye njia ya ishara, pembeni ya data, kwa hiyo mara nyingi hutoka wakati GPRS imekataa kabisa. Herufi 160 zinatosha "nimefika, ripoti kesho alfajiri". Kubaliana na watu wako kabla ya safari kwamba ukinyamaza kwenye barua, wakutafute huko. Na ukimaliza kazi, kata muunganisho kwenye laptopu kwanza, halafu kwenye simu, utazame hadi ile G izimike.